Sauti ya Ian Kwenye Kundi la Maombi

Madam alikuwa na desturi yake: simu ya Truphena, mfanyakazi wake wa ndani, hukaa kwenye droo ya jikoni wiki nzima, hutolewa Ijumaa baada ya chakula cha mchana, saa moja tu. Ndiyo maana siku ile, katika nyumba ya Al-Malqa, Riyadh, Truphena hakuwa na muda wa kufikiri.

Ian, mwanawe wa miaka kumi na saba, alimtumia ujumbe wa sauti kutoka nyumbani Vihiga. “Mum, sikiliza mpaka mwisho. Mimi sipendi wasichana. Nimejaribu. Nakwambia wewe kwa sababu hujawahi kunicheka.”

Truphena akaketi juu ya ndoo ya kudekia. Kisha akafanya alilozoea kila jambo lilipomshinda: akaituma ile sauti kwenye kundi la maombi, ambako wao Wakenya wa Riyadh husali pamoja kwa simu. “Niombeeni,” akaandika. Dada yake Lydia, aliyekuwa akimlea Ian huko Vihiga, naye alikuwemo kundini. Saa ikaisha, droo ikafungwa.

Wiki hiyo mabosi wakaenda likizo Jeddah, naye akabebwa pamoja na masanduku. Ijumaa alipowasha simu, amina zilikuwa hazihesabiki. Chini yazo, ujumbe wa Lydia: “Mama Ian, tulia. Tumempeleka kambi ya maombi. Leo siku ya tano ya kufunga. Atafunguliwa.”

Akampigia papo hapo. “Lydia, mpe mwanangu simu.”

“Yuko na mchungaji, anaendelea—”

“Mpe!”

Kikasikika kikohozi. “Mum. Nimepona.” Alisema kama mtoto anayekariri shairi asilolielewa. Kisha, chini chini: “Waliweka sauti yangu kwa spika. Watu wote wakasikia.”

Truphena akasogeza simu mdomoni. “Hukuwa mgonjwa, baba. Ni mimi niliyekosea. Toka hapo.”

“Huko Arabuni kumekuharibu kichwa, dada?” Lydia akadakia.

“Namtuma kaka yetu Stephen aje na pikipiki. Usimzuie!” Truphena akamjibu.

“Yalla, Truphena! Simu, halas!” madam akaita; saa ilikuwa imekwisha. Kwa mara ya kwanza tangu apate ikama, kibali chake cha ukaazi, Truphena akampa mgongo, akampigia kaka yake. “Stephen, mchukue Ian. Mpe uji mwepesi. Usimuulize kitu.”

Ijumaa iliyofuata, waliporudi Riyadh, droo haikufunguliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Ijumaa ya pili ikafunguliwa. Stephen alikuwa ameandika: “Yuko kwangu. Hasemi na mtu.”

Kutoka kwa Ian, hakuna kitu.

Truphena akajirekodi, pasi ikipoa kando yake. “Ian, ulinipa sauti yako mimi, nikaigawa. Sikuombi unisamehe leo. Umekula?”

Akaitazama skrini. Tiki zikawa buluu. Dakika kumi, ishirini. Ian, ambaye zamani angemtumia sauti ndefu, za vichekesho vya shule, safari hii aliandika tu:

“Nimekula, Mum.”

Truphena akayasoma maneno hayo tena na tena, mpaka madam akanyoosha mkono kuichukua simu.