Unyayo wa Plasta

Mtafiti alifunua kitambaa juu ya meza ya fundi viatu taratibu, kama anayefunua kichanga. Ndani mlikuwa na unyayo wa plasta, mrefu kuliko mkono wa fundi kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole.

"Miaka kumi na mmoja natafuta jitu msituni, na huu ndio unyayo wa kwanza kuupata," alisema. "Watu wananicheka. Wewe unajua miguu, mzee. Niandikie tu kwamba huu si wa binadamu, utie sahihi. Kesho tunarudi huko na mbwa na bunduki ya dawa ya usingizi."

Fundi akavaa miwani. Kidole cha mwisho kilikuwa kimemlalia mwenzake, na kisigino kimekandamiza zaidi upande wa nje. Akautambua. Mguu huo aliuchongea kalibu ya mti ya kushonea viatu kwa mikono yake, maana hakuna duka lililokuwa na kipimo chake. Ulikuwa wa mpwa wake, mtoto wa pekee wa dada yake, aliyerefuka mpaka kila mlango akauingia kwa kuinama.

Fundi ni mtu wa mzaha, na mzaha wake hauchagui mahali. Ndiye aliyempachika kijana jina la Zimwi, nyumba nzima ikalizoea. Siku kijana alipofuata viatu vyake, duka likiwa limejaa wateja, mjomba mtu akasema, "Msiogope. Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kijana akaviweka viatu chini, akatoka peku. Huu mwaka wa tatu hajarudi, na mama yake bado hatii komeo mlangoni.

Kumbe yu hai. Furaha ilimpanda fundi, na hofu ikaifuata papo hapo. Akisema si mtu, mbwa wataachiliwa. Akisema ni mtu, picha zitazagaa, na kijana atachekwa na dunia nzima badala ya wateja wanane.

"Mlimwona?" akauliza.

"Mara moja, mgongo tu. Wapagazi wakapiga kelele, 'Zimwi! Zimwi!' Ajabu yake, likasimama, likageuka, kama limesikia likiitwa. Kisha likajifunika uso kwa mikono miwili, likakimbia."

Fundi alilia bila kujificha. Halafu akateremsha kalibu kutoka rafu ya juu, akailaza juu ya unyayo. Vikalingana, hata uvimbe wa kidole kile.

Mtafiti alitazama, mabega yakamshuka. "Basi ni mtu," alisema.

"Ni mwanangu. Mbwa utawaacha, na kamera pia. Nakwenda nanyi."

Mtafiti akaufunika tena unyayo wake. "Sawa, mzee. Tukimwona, tumwiteje?"

"Msimwite. Nitamwita mimi."

Akavifunga kwenye gazeti viatu vile alivyoviacha kijana, huku akilijaribu chini kwa chini jina ambalo dada yake alimpa mwanawe. Ilibidi alirudie mara tatu ndipo ulimi ulizoee.