Nyanzala Anakohoa Tena

Babu Salvatori hakuwa anauza bunduki, alikuwa anaziozesha kama mabinti. Mtu akija kutaka gobore, babu alimkalisha kwenye gogo nje ya banda akamuuliza shamba lake liko wapi, anasumbuliwa na nini, nguruwe au nyani, ana watoto wangapi, na gobore litatundikwa wapi wasilifikie. Akiridhika ndipo anawasha moto. Bunduki ikikamilika aliipa jina la kike, akaikabidhi kwa mikono miwili na kusema maneno yaleyale waliyosema baba yake na babu yake: "Akiugua, mrudishe nyumbani. Binti yetu hatibiwi kwa watu."

Maana yake ni kwamba matengenezo yalikuwa bure, maisha yote ya bunduki. Na kwa kuwa aliyeileta ni mkwe, na mkwe hatoki ukweni na njaa, bibi Pudensiana alipika.

Mimi ni Verdiana. Nilipomaliza darasa la saba nilipelekwa Magamba kwa babu na bibi, kwa sababu wajukuu wa kiume wote walikuwa wamekimbilia dhahabu Ibindi na mivukuto ya kupulizia moto haikuwa na mtu. Zamani mwanamke hakusogelea moto wa mhunzi. Babu akasema hiyo zamani ilikuwa na vijana, sasa kuna Verdiana. Basi nikakaa kwenye mivukuto. Ni kazi ya kukaa na kutazama, na mimi kutazama sichoki.

Watu wote Magamba waliliita banda lile kiwanda, ingawa lilikuwa la nyasi tu. Katikati ilikaa fuawe, kipande kizito cha reli alichokipata baba yake babu miaka treni ilipoanza kufika Mpanda. Juu yake yalifuliwa magobore yaliyokwenda mpaka Sibwesa, mpaka Mishamo, mpaka kwa warina asali wa ndani kabisa ya pori. Ila tangu nifike hatukuwa tumefua hata moja jipya. Moto uliwaka kwa ajili ya wagonjwa tu.

Mwaka wa tisini na tano, wakati wa kiangazi, alikuja baba mdogo Methusela, mtoto wa mwisho wa babu. Yeye ni fundi baiskeli karibu na stesheni pale Mpanda. Akaizunguka fuawe kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani.

"Baba, mimi kule nagongea juu ya jiwe. Wewe una chuma kimelala."

"Hakijalala. Kinasubiri."

"Kinasubiri nani? Gobore alilofua babu yako mpaka leo linapiga. Baiskeli niliyounga mwaka jana imeshakatika tena. Ndiyo maana mimi nakula."

Babu akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Nipe mpaka mvua za kwanza. Akija mchumba mmoja tu wa bunduki mpya, fuawe inabaki hapa. Asipokuja, njoo na mkokoteni."

Wakashikana mikono. Babu alishika kama mtu anayetania, ila bibi, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni, aliacha kuchambua.

Kuanzia siku hiyo nikawa naitazama njia.

Aliyetokea alikuwa Machibya, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Bunduki yake ilifuliwa mwaka wa njaa, babu akaiita Nyanzala, jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa. Ilikuwa begani, nikajua si mchumba mpya.

"Mwangaluka, baba mkwe! Nyanzala anakohoa tena."

"Tena? Mlete hapa."

Babu akahakikisha ni tupu, akamlaza magotini, akagonga mtutu kwa kucha na kutega sikio kama daktari. "Kifua kizito kidogo," akasema. Nikavukuta. Akapasha kipande cha chuma, akagonga hapa, akapaka mafuta pale. "Sasa je?"

"Ah, amepona kabisa!" alisema Machibya, pua imeshaelekea jikoni.

Siku hiyo ilikuwa migebuka, samaki wa ziwani kutoka Karema, kwa karanga. Machibya alinawa kabla hajaambiwa.

"Nyie Wakonongo mna bahati," akasema. "Mimi zizi limejaa, lakini mke wangu anapika kama anamwadhibu mtu."

Bibi akasema kutoka nyuma ya mlango, "Mkwe gani huyu anakula mbele ya mama mkwe? Geukia ukutani huko."

"Mimi ni mkwe wa chuma, mama. Chuma hakina aibu."

"Na tumbo lako nalo halina." Lakini alikuwa anaongeza bonge lingine la ugali.

Nilipomsindikiza nikamuuliza, "Baba, majirani zako hawahitaji gobore?"

"La nini, mwanangu? Nguruwe wamebaki wapi? Tumefyeka msitu mpaka tunakaribia hifadhi. Na anayetaka anasubiri baba yake afe arithi. Watoto wangu wameshaanza kumgombania Nyanzala, maana ana afya yule, ataniona mimi nazikwa."

"Ana afya?"

Machibya akakuna sikio. "Yaani... akishatibiwa," akasema, akakaza mwendo.

Nikaanza kuwatazama wakwe wengine. Wote walifika jua likiwa utosini. Hakuna aliyewahi kuugua asubuhi. Na kabla ya kumsalimia babu, waliangalia moshi wa bibi.

Kisha bibi akaenda Sibwesa kwenye msiba wa dada yake, mimi nikabaki napika. Mchana akaja mtu na bunduki iitwayo Tulia.

"Mama yupo?" akaniuliza njiani.

"Amesafiri."

"Basi nitapita siku nyingine. Siyo ugonjwa mkubwa."

Habari ikasambaa. Muda wote bibi alipokuwa Sibwesa, bunduki zote za wilaya zilikuwa nzima. Babu alifagia kiwanda, akapanga makoleo, akayapangua, akayapanga upya. "Wako wazima wote," akaniambia. "Maana yake kazi ilikuwa nzuri." Hakusema hivyo kwa furaha.

Bibi aliporudi, kabla hajatua kikapu, wakwe watatu walishakaa kwenye gogo. Tulia alikuwa na homa. Mbula, bunduki ya mkwe wa pili, tumbo lilikuwa linamsumbua.

Jioni nikamwambia bibi, tunamenya muhogo. "Bibi, hawaumwi wale. Wanakuja kula."

Alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Mke mwenzangu, umechelewa kweli! Nalijua hilo tangu baba yako ananyonya."

"Sasa si ndiyo kiwanda kinakufa hivyo? Kuku, mafuta, makaa, vyote vinatoka, hakuna kinachoingia."

"Kinakufa, ndiyo." Akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Ila usimwambie yule mzee. Anaamini wanafuata mikono yake."

Mawingu yalishaanza kujikusanya upande wa ziwani alipofika mtu wa pikipiki. Alijitaja jina la Zakayo, hakutaja kwao. Akasema anataka magobore kumi na mawili, upesi.

Kumi na mawili! Nikajikuta navukuta, na makaa yenyewe yalikuwa hayajawashwa. Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Babu akamkalisha kwenye gogo. "Karibu. Wanaooa ni akina nani?"

"Mzee, hiyo haikuhusu. Wewe fua tu."

"Mashamba yao yako wapi?"

"Huku na huku."

"Wanasumbuliwa na nini? Nyani?"

Zakayo akacheka. "Mzee, mimi nimekuja kwako kwa huruma. Bunduki za kisasa zinavuka ziwa siku hizi, zinapiga kama mvua ya mawe. Ila hizo polisi wanazitafuta sana. Gobore nikilifunga pamoja na majembe, nani atauliza? Mafundi wenzako wameshazima moto. Wewe nakupa kazi mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka," babu akasema.

Akaitazama fuawe, akatazama mawingu. Nilitaka aseme ndiyo. Nilitaka mpaka mikono ikauma kwenye vijiti vya mivukuto. Neno moja tu, na Methusela angerudi na mkokoteni mtupu.

"Binti yangu haendi kwa mtu asiyetaja kwao," babu akasema. "Lakini karibu chakula."

Zakayo hakula. Aliwasha pikipiki, vumbi likaingia kwenye sufuria. Babu akatutazama mimi na bibi kama mtu aliyeshinda kesi.

"Mmeona? Hata kula hakula."

Mvua ikanyesha usiku huo, na kesho yake pia. Methusela alifika ameloa, mkokoteni anauvuta polepole.

"Baba, naweza kusubiri kidogo."

"Tulishikana mikono."

"Ulikuwa unatania."

"Nilikuwa natania. Sasa shika huko, ni nzito."

Babu mwenyewe alinyanyua upande mmoja. Wakaifunika kwa gunia kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Pale ilipokuwa likabaki shimo, likajaa maji ya mvua. Babu akakaa kando yake mpaka tulipolala.

Kesho yake, jua utosini, njiani kukasikika, "Mwangaluka, baba mkwe! Nyanzala anako..."

Machibya aliliona shimo. Akasimama. Akamshusha Nyanzala begani, akampandisha tena. "Basi," akasema, "nitapita siku nyingine. Siyo..."

"Mlete mgonjwa," babu akasema. Akamlaza magotini, akampangusa kwa kitambaa chenye mafuta, mtutu mpaka kitako, bila haraka. Kisha akaita, "Pudensiana! Mkwe kafika."

Bibi akatokeza kichwa. "Moto wako umezimika, mzee. Nipike kwa sababu gani?"

"Kwa ileile ya siku zote. Unadhani huyu alikuja kufanya nini? Nyanzala nilimfua mwenyewe. Bunduki yangu haikohoi."

Machibya akatazama vidole vyake vya miguu. Bibi akatoka nje kabisa.

"Wewe ulikuwa unajua?" akamuuliza.

"Nisijue vipi? Mtu anakuambia chuma kina homa!" Babu akaendelea kupangusa. "Bunduki ikiwa mbovu, mwenyewe anarudi kugomba. Ikiwa nzuri, harudi kabisa. Sasa hawa watu ningewaona wapi tena? Nikasema waache wakohoe. Nilidhani wewe ndiye hujui, ukijua utachoka kupika."

Bibi akamchapa begani kwa ncha ya kanga, akamchapa tena, halafu akakaa chini kwa kucheka. Machibya naye akacheka, kwanza kwa woga.

Mimi nikainuka. Nikaenda jikoni, nikabeba sufuria la maharage yaliyokuwa yanagoma kuiva tangu asubuhi, nikalitua juu ya makaa ya kiwanda. Nikawasha. Nikakaa mahali pangu, nikavukuta. Nyie, maharage hayajawahi kuchemka vile.

"Baba," nikamwambia Machibya, "leo utakula. Ila huu ni moto wa kiwanda, na kiwanda kinalipwa."

"Eti nini? Nilipe ukweni?"

"Wewe si mkwe wa chuma? Ulisema hakina aibu."

Akamtazama babu kutafuta msaada. Babu alikuwa anatazama moto. Machibya akafungua fundo la shuka lake, huku analalamika kwa sauti ambayo nadhani ilifika Mpanda.

Shimo nililifukia, gogo nikaliingiza ndani liwe benchi. Wakwe wanakuja, na siku hizi na walimu, na wapakiaji wa magunia. Bibi anaonja chumvi, mimi navukuta. Methusela akipeleka magurudumu Mishamo anapitia kula, na yeye pia analipa. Bunduki zinaegemea ukutani palepale, na babu anazipangusa moja moja, wenyewe wakisubiri sahani.

"Nyanzala hajambo?" anauliza.

"Anakohoa, baba mkwe."

"Basi kaa. Verdiana, ongeza moto."