Kochi la Kuazima

Kochi liliingia asubuhi, na ili lipite ilibidi mlango ung'olewe kwenye bawaba. Lilikuwa la muuza mkaa, jekundu, limetandikwa vitambaa vyeupe mgongoni kama bibi harusi. Dobi alisimama kando, mikono yake ikinuka sabuni, akawatazama wanaume wawili wakilisukuma huku wakilaumiana kwa sauti ya chini. Moyoni akasema: Bwana, siku moja tu. Ikipita leo, hata nikikalia jiwe sitanung'unika.

Uani wote walimwita Dobi, maana nguo zao alizifua yeye. Chumba chake kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande mmoja alilala mama yake, Bibi, ambaye macho yalizimika miaka mingi nyuma. Upande wa pili alilala yeye na binti wa marehemu kaka yake. Binti huyo walimpa jina la Karani. Tangu akiwa na miaka saba ndiye aliyewasomea majirani barua zao, karatasi za hospitali na maandishi ya chupa za dawa. Na kwa kuwa wenye barua hawakukubali kuziachia, alijifunza kusoma akiwa amekaa mbele yao, maandishi yakimjia kichwa chini miguu juu. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika mtihani wa mwisho aliwapita watoto wa wilaya nzima.

Ndipo ikaja barua ya Makao. Makao yalikuwa ng'ambo ya mji, majengo marefu yenye ukuta mweupe. Yalichukua watoto wenye akili wa watu wasio na kitu, wakalala humo, wakala humo, wakasoma humo mpaka wamalize. Nafasi ilibaki moja. Mkaguzi angekuja Alhamisi saa nne kuwatembelea nyumbani, kisha jibu lingetoka.

"Anakuja kuona mtoto katokea nyumba gani," fundi cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimwambia Dobi. "Akikuta mkeka na ndoo atasema huyu atatuletea kunguni bwenini."

"Lakini si wanachukua maskini, shoga?"

"Maskini wenye heshima zao! Na mgeni utamkalisha wapi wewe? Juu ya kichwa chako?"

Hapo Dobi akakubali. Mambo mengine angeweza kubishana nayo, lakini si hilo la mgeni. Alilelewa akijua kuwa mgeni hukalishwa pazuri hata kama mwenyeji atasimama. Na kwa kuwa hapakuwa na nyumba uani ambayo Karani hakuisomea kitu, kila mlango ukatoa chake. Likaja kabati la vyombo, zulia, meza ya kioo. Ikaja hata televisheni. Umeme chumbani haukuwepo, basi waya wakauficha nyuma ya kabati. Fundi mwenyewe akaleta vikombe vyake sita vya harusi, vyenye mstari wa dhahabu, ambavyo mumewe hakuwahi kuruhusiwa kuvinywea.

"Mnajenga nini humo?" Bibi akauliza nyuma ya pazia.

"Tunapanga tu, mama."

"Haya. Nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Mama, jamani!"

"Nimesema nguo. Sijasema kochi."

Saa nne kamili mkaguzi akabisha hodi. Alikuwa mwanamke mwembamba, viatu vimejaa vumbi, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Alikaa kwenye kochi, likammeza mpaka kiunoni. Akatoa karatasi mkobani, akaiweka juu ya meza ya kioo, akafungua kalamu.

"Kochi hili mnalo siku nyingi, mama?"

Dobi hakulitarajia swali hilo. "Lipo," akasema.

"La miaka hilo!" fundi akadakia dirishani, ambako alikuwa amejibanza akijifanya anaanua nguo.

Mkaguzi akatia tiki. Akauliza zulia. Lipo. Tiki. Televisheni. Ipo. Tiki. Kila tiki fundi alimkonyeza Dobi, na Dobi naye akaanza kupata pumzi. Hakuwa amesema ni vyake, alisema vipo. Lakini alijua kuwa Mungu hasikilizi mdomo peke yake, na shingoni jasho likawa linamtembea kama mdudu.

Karani akaingia na sinia la chai. Alilitua mezani, akasimama mbele ya mkaguzi mikono nyuma, kama alivyofundishwa. Macho yake yakashuka kwenye karatasi. Dobi akaona uso wa mtoto ukibadilika, kama maji yanapotiwa rangi ya bluu.

"Shangazi," akasema taratibu, "maji yamekwisha jikoni."

Maji yalikuwepo. Dobi aliyateka mwenyewe alfajiri. Akainuka, akatoka naye mpaka kwenye kamba za nguo.

"Anahesabu vitu, shangazi. Kila kitu kina alama zake. Chini pameandikwa, zikizidi kumi, familia inajiweza, ombi lisiendelee."

"Tuna ngapi?"

"Kumi na tatu. Na kabati hajaliuliza."

Dobi alishika kamba. "Basi naenda kumwambia ukweli."

"Kuna mstari mwingine. Familia ikidanganya, mtoto afutwe, asiombe tena."

Shuka za watu zilikuwa zikipepea pande zote mbili. Mbele moto, nyuma moto. Karani hakulia. Alikuwa akitafuna ukosi wa sare yake. "Mimi naweza kubaki, shangazi," akasema. "Nitakusaidia kufua."

Dobi aliitazama mikono ya mtoto, laini bado, yenye doa la wino kwenye kidole cha kati. Akaitazama yake.

"Funga mdomo wako," akamwambia. "Twende ndani."

Alirudi, hakukaa. Alisimama kama mtu aliyeitwa barazani. "Mama mkaguzi, nisamehe. Humu hamna changu. Kochi la watu. Zulia la watu. Hata kikombe hicho ulichoshika ni cha watu."

Mkaguzi alitua kikombe. Hakukasirika, na hilo lilimtisha Dobi zaidi. "Kazi hii nina mwaka wa kumi na moja," akasema. "Mwezi uliopita niliingia nyumba tupu kama ngoma, kumbe kochi wamelihamishia kwa jirani. Leo mtoto ameona karatasi yangu, mmetoka, mmerudi, vitu si vyenu tena. Ungekuwa mimi, ungeamini lipi?"



"Usijidharau wewe!" Fundi alikuwa ameshafika mlangoni, matone ya jasho puani. Hakujua lolote la alama. Alichosikia ni rafiki yake akijishusha mbele ya mgeni. "Mama mkaguzi, huyu anajiweza! Hivi vyote vyake, mpaka vikombe! Namjua mimi!"

"Fundi, nyamaza."

"Sinyamazi! Udharauliwe na mimi nipo?"

"Nakuomba kwa jina la Mungu, nyamaza!"

Mkaguzi akashusha pumzi. Kalamu yake ikateremka pole pole, ikapita tiki zote, ikafika kwenye mstari wa chini kabisa. Dobi hakujua kusoma vizuri, lakini mstari ule alishasomewa.

Pazia likafunguka. Ilikuwa saa ya Bibi ya kwenda kuota jua. Ndani ya nyumba ile Bibi hakutumia fimbo. Zilikuwa hatua tano kutoka kitandani hadi mlangoni, mkono mmoja mbele kwa desturi tu, na alizitembea kama mtu mwenye macho yake mawili.

"Mama, ngoja!" Dobi akapiga kelele.

Hatua ya tatu ikakuta meza ya kioo. Bibi alianguka kwa magoti, sinia likateleza, kikombe kikaruka na kupasuka vipande.

"Kikombe changu!" fundi akalia, mikono kichwani. "Kikombe changu cha harusi! Vilikuwa sita jamani, mume wangu nitamwambia nini!"

Kisha akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Bibi alikuwa chini, akipapasa zulia. "Nani kanijengea ukuta ndani ya nyumba? Na haya manyoya je? Mmefuga kondoo?"

Mkaguzi ndiye aliyemfikia wa kwanza. Alimwinua, akamkung'uta. "Bibi, hukujua kuwa hapa pana meza?"

"Meza?" Bibi akacheka, ingawa goti lilikuwa likimuuma. "Mwanangu, nyumba hii najua hata mende wanapolala. Meza yetu ni ndoo, na ndoo iko pale." Akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye televisheni.

Mkaguzi akakifuata kidole kwa macho.

"Toeni," mkaguzi akasema.

"Nani, sisi?" Dobi akauliza.

"Vitu. Kila mtu achukue chake, nangoja. Nilikuja kuona nyumba na bado sijaiona."

Mlango ukang'olewa tena. Muuza mkaa akaja, mweusi mpaka kwenye viwiko, akabeba kochi lake akisema alijua tu litarudi na doa la chai. Zulia likakunjwa. Kabati likaondoka, na nyuma yake waya ukabaki umelala chini, haujaunganishwa na kitu. Chumba kikawa kile kile, chenye mkeka, sakafu iliyopasuka na madaftari ya Karani juu ya sanduku. Dobi akaileta ndoo, akaipindua, akaifuta kwa upande wa nguo yake.

"Karibu, mgeni wetu."

Mkaguzi akaikalia. Akafuta tiki moja baada ya nyingine, na kando ya kila moja akatia sahihi. Alipofika chini akainua uso. "Hapa pa udanganyifu niandike nini?"

"Andika ulichokiona," Dobi akasema. "Nilikuficha nyumba yangu. Ila andika jina langu. La mtoto usiliandike."

"Kwa nini uliificha?"

"Ulikuwa mgeni."

Mkaguzi alimtazama juu ya miwani yake ya uzi, kisha akaandika. Aliandika muda mrefu. Fundi mlangoni alikuwa akila kucha. Hatimaye mkaguzi akaiweka karatasi magotini, bila kuigeuza, akamwita Karani.

"Wewe si unasoma hivi hivi? Haya, soma."

Karani akasimama mbele yake, akasoma kichwa chini miguu juu: "Vitu vyote ni vya kuazima. Mwenyeji amekiri mwenyewe kabla haijabainika. Aliona haya kumkalisha mgeni chini. Nimekaa kwenye ndoo. Napendekeza mtoto apokelewe."

"Ukipendekeza hukubaliwa?" Dobi akauliza.

"Mara nyingi. Si mara zote."

Siku nne Dobi alifua akisikiliza kila hatua iliyoingia uani. Jumatatu barua ikaja. Watu wote walitoka kuisikia, na mara hii Karani alijisomea yake mwenyewe. Amepokelewa. Aripoti Jumatano, aje na shuka mbili, sabuni, na ndoo moja.

Ndoo ilikuwa moja tu. Jumatano asubuhi Karani aliichukua, shuka zikiwa ndani, Bibi akaipapasa mpaka chini na kuiombea kama mtu. Dobi alimsindikiza mpaka kwenye ukuta mweupe. Aliporudi alikuta rundo la nguo za watu likimsubiri, akaenda kugonga kwa fundi.

"Shoga, niazime ndoo."

"Kuazima tena? Hujakoma?"

"Sijakoma."

Fundi akaitoa ndoo, akaishikilia kidogo. "Chukua. Lakini akija mgeni yeyote hapa, hiyo ni yangu, nitasema kwa sauti!"

Dobi akacheka, akajaza maji, akainama. Fundi aliporudi kwenye cherehani yake alimwona kupitia dirishani, mabega yakimtikisika, akadhani bado anacheka. Alishona mishono miwili mitatu ndipo akaelewa, akaiacha cherehani, akatoka kwenda kumsaidia kukamua.