Ndizi za Lyuben

Stoyanka Bardarova alizidharau skii zile za kutelezea thelujini tangu zilipotolewa kwenye mfuko wao mrefu. Zilikuwa pana kama mbao za kitanda, zimepinda juu mbele na nyuma pia, na Lyuben alipozilaza sakafuni ziligusa chini katikati tu, zikawa zinabembea kama susu.

"Ndizi," alisema Stoyanka. "Umepanda mlima kutoka Sofia kutuletea ndizi."

Kiril, aliyefanya naye kazi miaka ishirini katika kikosi cha waokoaji wa milima ya Pirin, alicheka hadi banitsa, mkate wa jibini aliokuwa akitafuna, ukampalia.

Lyuben Chakarov, wakala wa kampuni ya skii, hakukasirika. Alikuwa na ndevu zilizochongwa kwa mashine na koti lisilo na doa. "Cheka tu, shangazi. Hizi ni skii za theluji zote. Barafu, theluji laini, theluji ya majimaji, uwanja wa kurukia, zote sawa. Mkurugenzi anataka jozi kumi na mbili kwa kikosi chako."

"Mimi si shangazi yako. Kaka yangu hajazaa mjinga."

Lakini mkurugenzi wa kituo cha skii alikuwa ameagiza zijaribiwe, na mkuu wa kikosi alikuwa Stoyanka. Miaka thelathini iliyopita alikuwa akishindania taifa katika slalomu, mbio za kupinda kati ya milingoti. Kwake skii ilikuwa nyembamba, nzito, yenye makali ya chuma yanayouma barafu kuanzia ncha hadi mkia. Alifunga zile ndizi miguuni kama mtu anayevaa viatu vya maiti, na Lyuben akavaa jozi nyingine kama hizo.

Walianzia kwenye Ukuta, mteremko ambao jua haliufikii kabla ya Machi. Asubuhi ile uling'aa kama kioo. Stoyanka aliinamisha magoti, akajaribu kona ya kwanza, na mara moja akaelewa. Ncha zilikuwa hewani zikipigapiga, pa-pa-pa-pa, kama ulimi wa kiatu kilichofumuka. Mkia nao haukushika kitu. Makali yaliyogusa barafu yalikuwa yale ya chini ya buti tu, na kwayo akajishikiza, akisimama wima katikati, akishuka kwa kona fupifupi bila haraka. Ndizi zilimteremsha, ndiyo. Hata ngazi humteremsha mtu.

Alisimama chini, akageuka kumtazama Lyuben.

Lyuben alijaribu kona ndefu ya madaha. Skii zikamtoka pembeni, akakaa kitako, akateleza hivyohivyo mita thelathini, miwani shingoni, hadi akasimama miguuni pa Stoyanka.

"Nta ya kutelezesha skii umeipaka kwenye suruali," Stoyanka alimwambia.

"Ni baridi tu ya leo," alisema Lyuben akijikung'uta. "Barafu isiyo ya kawaida."

"Barafu ya Februari mlimani. Kweli, nani angetegemea."

Ndipo Lyuben akamwomba waende upande wa kaskazini, kwenye korongo ambako upepo wa usiku ulikuwa umelundika theluji laini hadi magotini. Stoyanka alikubali kwa kuwa alitaka kuona anguko jingine.

Hakuona. Skii zilipanda juu ya theluji zenyewe, bila yeye kuegemea nyuma, bila mapaja kuungua. Alipotaka kugeuka alizungusha tu nyayo, zikageuka kama kisu kinachopaka siagi. Ncha hazikuzama. Alipita katikati ya misonobari miwili ambayo kwa skii zake angeikwepa kwa mbali, na sauti ikamtoka kooni kabla hajaizuia, kicheko kikubwa cha msichana.

"Nimekusikia!" Lyuben alipiga kelele nyuma yake.

Stoyanka alikunja uso. Alichukia kufurahi, akachukia zaidi kwamba aliyemshuhudia akifurahi alikuwa huyu.

Kicheko hicho ndicho kilichomponza Lyuben. Kilimvimbisha kichwa. Walipofika kwenye uwanja wa kurukia alianza na bomba la chuma, akalipanda kiubavu, akateleza hadi mwisho bila ncha kunasa popote. Lilikuwa jambo zuri, na Stoyanka alikiri moyoni. Kisha Lyuben akaelekea kwenye tuta kubwa.

"Usiruke lile," Stoyanka alimwambia. "Kule chini pameganda."

"Wewe endelea na enzi zako. Tazama."

Alipokuwa akishika kasi kuelekea tuta, ndizi zilitetemeka. Lyuben aliruka akiwa ameshaegemea nyuma. Alipotua, alihitaji mkia wa skii umbebe, na mkia ulikuwa umepindia juu. Haukumbeba. Aliketi juu ya visigino vyake kwa mwendo wote ule, na goti la kulia likatoa mlio ambao Stoyanka aliusikia kutoka pembeni.

Alimfikia wa kwanza, akamkata suruali, akalifunga goti. Mikono yake haikuwa na dharau. Dharau yote ilikuwa usoni. Aliita kwa redio, Kiril akaja na machela ya kuburuta. Njia pekee ya kumfikisha zahanati ilipita kwenye Ukuta.

Stoyanka alishika mipini ya machela, bado amevaa skii za Lyuben. Lyuben aliinua kichwa kutoka kwenye mablanketi, akazitazama miguuni mwake, kisha akautazama mteremko.

"Stoyanka," alisema kwa sauti ndogo. "Tafadhali. Usinishushe na hizo."

Kiril alitazama pembeni.

"Na hizi zipi? Sema."

"Hizo. Hazishiki."

Asingemshusha nazo hata kidogo, lakini alitaka alisikie neno hilo kutoka kinywani mwake. Akabadilishana skii na Kiril, akamteremsha taratibu, chuma kikiuma barafu njia nzima.

Ripoti ilimchukua muda. Sehemu ya Ukuta aliiandika bila kuinua kalamu: hazifai kuburutia mgonjwa. Alipofika kwenye korongo alikwama. Angeweza kuliacha bila kulitaja, lakini kusema uongo kuhusu skii ilikuwa kazi ya Lyuben. Akaandika: "Kwenye theluji nene zinaelea, na sijawahi kupanda kitu kitamu kama hicho."

Mkurugenzi alinunua jozi mbili badala ya kumi na mbili, kwa ajili ya msako kwenye theluji nene.

Wiki tatu baadaye bango la kampuni ya Lyuben lilitundikwa kwenye kituo cha lifti ya viti, kubwa kama mlango wa zizi. Lilikuwa na ndizi mbili za rangi ya chungwa, na chini yake: "Sijawahi kupanda kitu kitamu kama hicho. Stoyanka Bardarova, mkuu wa waokoaji." Kuhusu Ukuta, hakuna neno.

Stoyanka alilisoma mara mbili, akatema mate thelujini, akasukuma watu akapanda kiti chake.