Kiti cha Nuria

Wenye biashara sita wa Kiamunyi hukutana kila Alhamisi ya pili ya mwezi, saa nane mchana, katika chumba cha nyuma cha hoteli ya Hezekiah. Kila mmoja huleta lile linalomshinda, lile ambalo hawezi kumwambia mfanyakazi wake. Linalosemwa mle hubaki mle. Jepkemei, mwenye mkahawa karibu na steji, alikuwa akisema kwa mdomo wake mwenyewe, "Hapa ni kama kanisani, kasoro sadaka."

Alhamisi hii hakuinua macho kutoka kwenye kikombe chake.

Mwezi uliopita Wamalwa, mwenye bekari, aliwaambia kwamba tangu augue, pua yake haisikii harufu. Mkate ukiungua hajui mpaka auone. Aliyasema hayo ameshika magoti, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu. Kesho yake mkate wake ulifika mkahawani umeungua chini, na Jepkemei akamwambia mpishi wake, Cherop, "Usishangae, mwenyewe pua ilikufa." Wakacheka. Ni hayo tu. Lakini Cherop ana rafiki muuza mboga, na muuza mboga ana mdomo. Wiki mbili hazikuisha kabla wateja hawajaanza kumsogezea Wamalwa mkate usoni: "Mzee, hebu nusa, umeiva?"

"Nauliza tu ni nani aliyelitoa nje," Wamalwa aliwaambia Alhamisi hii.

Hezekiah akakohoa. "Miaka minne hakuna neno limetoka hapa. Mgeni ni nani?"

Wote wakamgeukia Nuria, muuza unga, aliyeingia miezi mitatu iliyopita.

"Mimi? Wallahi hata mama yangu sijamwambia!"

"Si unauzia bekari zingine unga?" akasema Khaemba wa duka la misumari. "Maneno nayo hupanda gunia."

Jepkemei akafungua mdomo. Akaujaza chai.

Kila mwanachama alinunua kiti chake cha plastiki siku ya kujiunga, akaandika jina nyuma. Anayetoa siri hafokewi. Hubeba kiti chake akaenda. Kiamunyi nzima inajua hivyo, ingawa hakuna aliyewahi kukibeba. Nuria akainua chake. Miguu ya kiti ikakwama mlangoni, akaivuta, ikakwama tena, na hakuna aliyemsaidia. Kule mbele hotelini, waliokuwa wakila chapati wakaacha kutafuna, wakamtazama mama wa buibui akipita na kiti kichwani.

Jepkemei alisikiliza viatu vya Nuria mpaka vikanyamaza. Ndipo akasema, "Ni mimi."

"Ati?" Khaemba akauliza.

Ikabidi arudie. "Ni mimi. Nilimwambia Cherop, wa jikoni kwangu."

"Na umekaa hapo," Hezekiah akasema polepole, "ukimwangalia mama wa watu akihangaika na mlango?"

"Nimekaa."

Alitoka mbio. Alimkuta Nuria kando ya barabara, amekalia kiti chake, anangoja bodaboda.

"Rudi, dada. Nimewaambia ni mimi."

"Umewaambia wanne," Nuria akasema bila kugeuka. "Na wale wa chapati?"

Jepkemei alirudi. Akasimama katikati ya meza za wateja wa chapati, mikono haijui pa kwenda.

"Yule mama aliyetoka na kiti hana makosa. Mwenye makosa ni mimi."

"Ulifanya nini, mathe?" akauliza jamaa mmoja, mashavu yamejaa.

Hapo ndipo Jepkemei alipoona shimo alilojichimbia. Kusema alichofanya ni kukifanya tena, safari hii mbele ya watu ishirini.  

"Alisema pua yangu haisikii harufu." Ilikuwa sauti ya Wamalwa, amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma. "Na ni kweli. Haisikii. Hata hizo chapati zenu, mimi naziona tu."

Jepkemei alingoja wacheke. Aliomba wacheke, angalau mmoja, apate wa kumkasirikia. Hakuna aliyecheka. Jamaa wa mashavu akameza, akamsogezea Wamalwa kiti, na hakuna hata mmoja aliyemwangalia Jepkemei.