Taulo la Msaidizi

Dada yangu ni mwalimu wa mapishi ambaye haonji. Homa ilimlaza, akapona, ila ikaondoka na harufu na ladha zote, na alichopata kwa daktari ni pole na ushauri wa kusubiri. Mimi ndiye niliyegundua. Siku moja nilimtilia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akanywa mpaka mwisho na kunishukuru.

Kazi yangu ni msaidizi wake chuoni. Nabeba sahani, nafuta meza, nawagombeza wanaotumbukiza visu ndani ya sinki lenye povu. Tangu homa ile nikawa pia ulimi wake. Chakula cha mwanafunzi nakionja kwanza palepale jikoni kwa kijiko changu, nampelekea, kisha nasimama mahali anaponiona. Taulo langu likiwa bega la kulia, chakula kiko sawa. Bega la kushoto, chumvi haitoshi. Shingoni, imezidi. Taulo lisipoonekana kabisa, chakula kimeharibika, tema. Hiyo ya mwisho tuliiongeza baada ya samaki aliyechacha kumrudisha kitandani. Mengine aliyaweza mwenyewe: pilipili bado ilimchoma, mafuta aliyahisi mdomoni, na wali mbichi ulimgota kwenye meno.

Msidhani alikuwa mwalimu wa kubabaisha. Darasa lake liliitwa Utangulizi wa Mapishi ya Dunia, na sijaona mtu anayelifundisha vizuri kama yeye. Hakuanza na ramani. Aliwasha jiko. "Ukitaka kuwajua watu," alikuwa akisema, "angalia kitu cha kwanza wanachotia chunguni." Mhindi anaanza na mafuta ya moto na viungo vizima mpaka viruke. Mwitaliano anaanza na kitunguu, karoti na seleri, taratibu, kama hana haraka na maisha. Mfaransa haoni mbele bila siagi. Mjapani analoweka mwani kwenye maji na kusubiri. Mmeksiko anachoma pilipili kavu mpaka nyumba nzima ikohoe. Na baada ya homa aliongeza sharti moja: hakuna aliyepimwa sahani yake bila kuionja na kueleza kwa maneno yake ladha inayotangulia, inayofuata na inayobaki. Wanafunzi walidhani ni ukali. Mimi nilijua ni njaa.

Siku ya mtihani Mkurugenzi, mwenye chuo, alikuja na mgeni. Mgeni alikuwa mpishi mkuu wa hoteli kubwa, mtu mkimya mwenye mikono ya makovu, na alitafuta mwanafunzi mmoja wa kumwajiri. Mkurugenzi alinivuta pembeni penye majokofu.

"Nasikia maneno," akanong'ona. "Kwamba Mwalimu wako haonji siku hizi."

"Maneno ya watu hayo, bosi."

"Leo tutajua. Mpishi asiyeonja sina kazi naye."

Nilimtazama dada yangu pale mezani, aproni yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na nikatamani taa zizimike, bomba lipasuke, chochote.

Sahani zikaanza kupita. Mchuzi wa dengu wa Kihindi ukaja, taulo langu likiwa bega la kulia. "Umeiva vizuri, viungo vimefunguka," akasema. Mgeni akaonja, akatikisa kichwa kukubali. Ukaja wali wa Kiitaliano wa jibini. Nikahamishia taulo shingoni. "Jibini lina chumvi yake, kwa nini ukaongeza nyingine?" Mwanafunzi akainamisha uso. Mgeni akaonja, akakubali tena. Mkurugenzi alianza kuonekana kama mtu aliyekuja msibani akakuta harusi. Mimi nilianza kupumua.

Wa mwisho alikuwa Mama Pacha. Mwanamke huyu alikuwa amewaacha watoto wake pacha kwa bibi yao ili asome, na kila mtu darasani alijua kwamba akipata ile kazi ya hoteli atawachukua. Alipika supu ya Kitailandi: kamba, mchaichai, ndimu, pilipili. Niliionja jikoni nikabaki nimeshika kijiko. Ilikuwa supu ya kukufanya umsamehe mtu. Nikaweka taulo bega la kulia, nikabeba bakuli, nikasimama mahali pangu.

Mama Pacha akamaliza kueleza supu yake. Dada yangu akachota. Wakati huohuo Mkurugenzi, aliyekuwa akionja mchuzi wa Kimeksiko uliobaki wa mwanafunzi mwingine, akajimwagia tone kwenye tai yake. Yule ni mtu wa kuchukua bila kuomba. Alinyoosha mkono, akalichomoa taulo begani mwangu, akaanza kujifuta.

Dada yangu akainua macho, kijiko kikiwa mdomoni. Mabega yangu yalikuwa matupu.

Akatema. Mbele ya watu wote, akatema supu ile kwenye kitambaa cha karatasi.

"Kamba wameharibika," akasema.

Mama Pacha alilitazama bakuli lake.

"Mwalimu, nimewanunua leo asubuhi. Nimewanusa mmoja mmoja, kama ulivyotufundisha."

Mgeni akavuta bakuli. Akaonja, akasubiri, akaonja tena. "Mimi naona ni wazima," akasema taratibu. "Lakini huenda Mwalimu amepata kipande kibaya. Inatokea." Akaweka kijiko chini. "Ila kamba si kitu cha kubahatisha, mama. Mtu ambaye mwalimu wake mwenyewe ametema chakula chake siwezi kumpeleka kwa wageni wangu. Samahani."

Hapo ndipo dada yangu alipoliona taulo. Lilikuwa mkononi mwa Mkurugenzi, lina doa jekundu. Akaliangalia, akaniangalia mimi, na nikajua ameelewa kila kitu.

Nikamtikisia kichwa. Usiseme. Njia ilikuwa wazi mbele yake. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Kipande kibaya, basi, inatokea. Sitaficha nilichotaka siku ile. Nilitaka Mama Pacha apoteze kazi ili dada yangu abaki na yake. Pacha wale sikuwahi hata kuwaona. Dada yangu nilikuwa naye kila siku, na nilijua hana kitu kingine duniani zaidi ya lile jiko.

Mama Pacha hakulia wala hakubisha. Alianza kukusanya vyombo vyake, kifuniko cha sufuria kikagonga ukingo wa meza.

"Acha vyombo," dada yangu akasema.

"Dada," nikasema. Sikuwahi kumwita hivyo darasani.

"Nyamaza, mdogo wangu. Umenibeba vya kutosha." Akamgeukia Mgeni. "Kamba wako sawa. Mimi ndiye siko sawa. Sipati ladha ya kitu tangu nilipougua. Mdogo wangu ananionjea na kunionyesha kwa taulo, na taulo limechukuliwa. Nilichotema sikijui."

Mkurugenzi alilitazama taulo mkononi mwake, kisha akalishusha mezani polepole. Nilitegemea apige kelele. Afadhali angepiga.

"Funguo za jiko, Mwalimu," akasema tu.

Dada yangu akazitoa mfukoni mwa aproni, lakini hakumpa. Aliziweka kando ya bakuli, akavuta kiti, akakaa. Siku zote alionja amesimama.

"Mama Pacha, njoo," akasema. "Mtihani wako haujaisha. Nieleze upya."

Akachota supu, akatia mdomoni. Mama Pacha akasogea, akajifuta macho kwa mkono wenye harufu ya mchaichai.

"Inatangulia ndimu, Mwalimu. Kali, mpaka mashavu yanajivuta."

Dada yangu akatafuna taratibu. "Halafu?"

"Halafu chumvi ya sosi ya samaki. Nyuma yake sukari kidogo, inaipoza ndimu. Kamba wenyewe watamu, kama maziwa ya moto."

"Pilipili naipata," dada yangu akasema, akatabasamu, na machozi yakamshuka, na mpaka leo sijui kama yalikuwa ya pilipili. "Na inayobaki?"

"Mchaichai. Ukishameza, unabaki nao kooni."

Alimeza. Akausubiri mchaichai, macho ameyafumba, na sisi sote tukamsubiri, hata Mgeni, hata Mkurugenzi mwenye doa kwenye tai. Kisha akafumbua macho, akatikisa kichwa kidogo, haukuja, akachota tena. Hakuacha mpaka kijiko kikakwaruza chini ya bakuli.

"Mwandikie amefaulu," akaniambia, akasukuma funguo upande wa Mkurugenzi.

Mgeni alikuwa ameshasimama, anamuuliza Mama Pacha anaweza kuanza lini. Nilikwenda kuchukua taulo langu mezani. Sikujua niliweke wapi.