Mbuzi wa Ekidor Wahesabiwa

Juni 2013 Jebet aliajiriwa kwa siku saba kuhesabu magari kati ya Lodwar na Kakuma. Alikalia jerikani chini ya mwavuli, na fomu yake ilikuwa na safu za malori, mabasi, magari madogo na pikipiki. Safu ya mwisho ilikuwa ya mifugo, na hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito: mahali panapovukwa na wanyama hamsini kwa siku pangejengewa kivuko chini ya barabara mpya.

Awoi alikitaka kivuko hicho kuliko mvua. Kila siku alivusha mbuzi wake hapo alipoketi Jebet, kwenda kisimani, na ni hapo lori lilipomgonga mumewe, Ekidor, pamoja na nusu ya kundi.

"Ejok, dada," alimsalimu Jebet. "Kivuko nataka. Lakini mbuzi yangu usihesabu. Ukihesabu, itakufa."

Jebet hakubisha. Hata kwao Baringo mifugo hainyooshewi kidole. Kila Awoi alipovuka, Jebet aliinama akafunga kamba za viatu mpaka kengele zipite.

Saa kumi jioni Ekidor naye alivuka, na mbuzi waliokufa pamoja naye. Vumbi halikutimka.

"Hiyo sasa hesabu," Awoi alisema. "Imekufa tayari. Itafanywa nini tena?"

Jebet alihesabu sitini na wawili, akaandika pembeni: "waliokufa na Ekidor". Kwa siku zote saba hawakuongezeka wala kupungua, na alifurahi sana, maana hakuwahi kujaza fomu safi namna ile.

Huko Lodwar, msimamizi wake, Wekesa, aliisoma akakuna kidevu.

"Jebet, hawa ni marehemu."

"Lakini wanavuka."

"Barabara inapangiwa miaka ishirini. Huo mwaka wa 2033 hawa watakuwa wapi?"

"Hapohapo. Wale wa Awoi ndio siwezi kuahidi."

Wekesa, mtu wa haki kwa kadiri mshahara ulivyomruhusu, alikiri kwamba hakuna wasafiri wa uhakika kuliko hao. Kisha akawakata kwa mstari. Mwongozo ulitaka wanyama walio hai, na walio hai kwenye fomu walikuwa sifuri. Jebet aliona aibu.

Oktoba alitumwa kubandika ramani kwenye ofisi ya chifu, akapitia kwa Awoi amweleze mwenyewe. Kivuko kingejengwa penye daraja, kilomita kumi na moja mbele.

"Na hapa?"

"Hapa hakuna, mama. Nisamehe."

Ekidor alikuwa akisikiliza. Alimshukuru Jebet, akageuza kundi lake kuelekea darajani. Kwa aliyekufa kilomita kumi na moja si mwendo, na tangu siku hiyo huvukia huko, kama serikali ilivyopanga.

Mbuzi wa Awoi walikuwa na kiu. Alitazama upande wa Lodwar, akatazama upande wa Kakuma, akawapigia mluzi wavuke.